Re: Kiatu chepesi cha lami na murram

Ndugu, umeuliza kama kiatu cha mbio cha gramu 220 kitafaa kwa lami ya asubuhi na murram, yaani barabara ya udongo mwekundu wenye changarawe, ya Iten, Kenya. Uzito peke yake hauamui. Kigeuze utazame soli. Meno ya milimita 3 hadi 4 yanatosha kwa lami na kwa murram. Yakizidi 5, lami huyala upesi. Chagua pia yaliyoachana, maana udongo mwekundu ukilowa hujaa kwenye yaliyobanana na kiatu kinaanza kuteleza.

Viatu vyepesi vingi hupunguza gramu kwa kuacha foamu, ile sponji ya soli, wazi bila raba, na changarawe kali huchana hapo hapo. Kisiginoni na chini ya vidole lazima pawe na raba.

Kisha shika kisigino cha kiatu kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukisokote kama nguo unayokamua. Kikijipinda chote bila kukaza, ni rahisi kuteguka kifundo penye mifereji iliyochimbwa na mvua. Foamu nene na laini huyumba vilevile.

Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukivaa soksi zako za mbio. Mbele pabaki upana wa kidole gumba, la sivyo miteremko itakuharibia kucha.