Funga faili la asili kabla hujagusa gdal_rasterize

Mkuu, usibonyeze Enter. Hiyo amri ya GDAL (programu za kuchakata data za ramani) uliyoweka, `gdal_rasterize -burn 1 -l barabara barabara.gpkg mwinuko.tif`, ndiyo iliyoniliza mimi. Unasema itakupa "rasta mpya yenye barabara ndani", yaani ramani mpya ya piseli zenye namba. Mpya ipi? mwinuko.tif ikiwepo tayari, GDAL inaifungua na kuandika humo humo, juu ya namba zako. Haiulizi. Inahesabu 0 mpaka 100, "done", basi.

Yangu ilikuwa rasta ya mwinuko ya SRTM (vipimo vya rada kutoka angani), piseli za karibu mita 30, na nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiziba mapengo yake. Bekapu? Usiniulize habari za bekapu. Maelezo niliyofuata yaliandikwa na jamaa mmoja kwa kujiamini kabisa: "faili la tokeo linaundwa lenyewe". Linaundwa lenyewe KAMA HALIPO! Nusu sentensi aliyobania ilinila wiki tatu. Sidhani kama aliwahi hata kuiendesha.

Sasa piga picha: mlimani mita 1,800, barabara imeandikwa mita 1, kwa sababu ya ile `-burn 1`. Kila njia imekuwa korongo la kina cha mita 1,799. Nikaendesha hesabu za mtiririko wa maji, maji yote yakahamia barabarani. Nikamtangazia mwenzangu kwamba mito ya eneo lile inafuata barabara. Na kweli ilikuwa inazifuata, msinicheke.

Na kwa nini sikugundua mapema? Nilishatengeneza piramidi kwa gdaladdo, yaani nakala ndogo za rasta za kutazama haraka. Ukitazama kwa mbali, QGIS (programu ya kutazama ramani) inasoma piramidi hizo za zamani na kila kitu kinaonekana salama. Makorongo unayaona ukikaribia sana.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine: faili la asili linakaa folda yake, na folda unaifunga isiandikike: `chmod -R a-w asili`. Usifunge faili peke yake! Ukiongeza -tr au -ts (ukubwa wa piseli au wa rasta), GDAL inaunda faili upya juu ya lile lililopo, na kwenye Linux faili lililofungwa bado linafutika kama folda iko wazi. Halafu nakili kwa `cp`, na amri zote ziguse nakala tu. Nakala itarithi kufuli, ifungue kwa `chmod u+w`. Na usifanye haya ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwake kufuli ni mapambo.

Usidhani gdalwarp, amri ya GDAL ya kubadilisha na kukata rasta, ni mpole. Nayo ikikuta faili la tokeo lipo, bila -overwrite inamwaga data humo humo.

Kukata rasta kwa mpaka, tumia hiyo gdalwarp: -cutline pamoja na -crop_to_cutline. Ulikuwa na swali jingine la mifumo ya kuratibu, nadhani, wengine watakujibu. Mimi nataka kujua kitu kimoja: umeshaiendesha au bado?