Kompyuta kuu inaweza kuiga tokamaki nzima?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Moshi, najiandaa kusoma uzamili. Nasikia kompyuta kuu za siku hizi zinapiga hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Kwa nini basi wataalamu wa muungano wa nyuklia hawaigi tokamaki nzima, yaani mtambo unaoshikilia plazma kwa sumaku, chembe kwa chembe, wakajua mapema itakavyofanya kazi? Na mwenye laptopu tu aanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, ahsante. Swali lako linajibika kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo tupige hesabu.

Tuchukue ITER, tokamaki inayojengwa kusini mwa Ufaransa. Plazma yake, yaani gesi ya moto sana iliyochanika kuwa elektroni na ioni, inakusudiwa kujaza mita za ujazo 840 hivi, na kila mita ya ujazo ina chembe zinazofikia 1 yenye sifuri 20. Kufuata kila moja haiwezekani, ndiyo maana hutumika chembe wakilishi, moja ikisimama badala ya laki kadhaa. Kazi ipo kwenye gridi. Kijisanduku chake hakitakiwi kuzidi sana urefu wa Debye, yaani umbali ambao chaji moja huhisiwa kabla majirani zake hawajaifunika. Kwa joto la nyuzi zaidi ya milioni 100, urefu huo ni kama milimita 0.07. Piga hesabu: vijisanduku zaidi ya trilioni 2,000. Weka chembe wakilishi 100 katika kila kimoja. Kila chembe ina namba sita, tatu za mahali ilipo na tatu za kasi, na kila namba ni baiti nane. Utahitaji kumbukumbu ya karibu petabaiti 10,000 (petabaiti moja ni baiti milioni bilioni). Frontier, mashine ya maabara ya Oak Ridge huko Marekani iliyovuka kiwango cha eksaflopu, yaani hizo hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, mwaka 2022, ina petabaiti 9 hivi.

Muda ndio mbaya zaidi. Elektroni hutikisika haraka mno, kiasi kwamba hatua moja ya hesabu inabidi iwe theluthi ya sehemu ya trilioni ya sekunde. Sekunde moja ya plazma ni hatua trilioni 3. Hata kama kila hatua ingechukua sekunde moja tu, ungesubiri zaidi ya miaka 90,000. Na Frontier hula megawati 21 hivi, wakati mitambo ya Nyumba ya Mungu, bwawa lenu la jirani, ni ya megawati 8.

Kwa hiyo mashine kubwa peke yake haitatuokoa. Kinachookoa ni kujua cha kuacha. Mtabiri wa hali ya hewa hafuati kila tone la mvua. Anachojali ni kwamba gridi yake isichanganye Machame kunakonyesha na mashamba ya miwa ya TPC kwenye jua kali. Kwenye plazma, elektroni na ioni huzunguka nyuzi za uga sumaku kwa mizunguko midogo ya haraka. Nadharia ya jairokinetiki huchukua wastani wa mzunguko huo, ikabaki na mwendo wa kitovu chake. Vipimo sita vinakuwa vitano, mtikisiko wa haraka wa elektroni unaondoka, na gridi inaruhusiwa kukua. Programu kama GENE, CGYRO na XGC zimejengwa juu ya wazo hilo. Hata hivyo, kwa kawaida huiga milisekunde chache za msukosuko, si sekunde nzima.

Faida yake ni kubwa. Mwaka 1998 Zhihong Lin na wenzake wa Princeton walionyesha, kwa kompyuta yenye prosesa nyingi zinazofanya kazi sambamba, kwamba msukosuko huzaa mikondo inayoukatakata wenyewe na kupunguza joto linalovuja. Baadaye XGC ilionyesha kwamba joto linalotoka ukingoni mwa plazma ya ITER huenda likatua kwenye ukanda mpana karibu mara 6 kuliko makadirio yaliyotokana na mashine zilizopo. Kwa mhandisi wa bamba linalopokea joto hilo, hiyo ni habari njema kweli.

Jambo moja watu hulisahau: kwenye mashine yenye nodi zaidi ya 9,000, yaani kompyuta zilizounganishwa kuiunda, muda mwingi unaweza kuliwa na kuhamisha namba kutoka nodi moja kwenda nyingine, na nodi huharibika kazi ikiendelea. Ndiyo maana programu huhifadhi hali yake kila baada ya muda. Wewe unayeishi na umeme wa kukatika, jenga tabia hiyo tangu programu yako ya kwanza.

Sasa laptopu. Andika kwa Python uigaji wa kipimo kimoja wa mikondo miwili ya elektroni inayopishana, mmoja ukienda kulia na mwingine kushoto, ioni zikiwa zimetulia nyuma. Fanya kasi ya kila mkondo iwe 1 na frikwensi ya plazma kwa elektroni zote iwe 1. Urefu wa sanduku 10.3, vijisanduku 64, chembe 20,000, hatua ya muda 0.1. Zipange chembe kwa nafasi sawa, kisha zisogeze kidogo sana kwa umbo la wimbi moja la sini. Usizitawanye kwa bahati nasibu, kwani kelele itafunika unachokitafuta.

Chora mahali dhidi ya kasi. Mistari miwili iliyonyooka itaanza kupinda, kisha itajiviringisha kuwa tundu moja kubwa, kama jicho. Halafu chora logi asilia (ln) ya ukubwa wa uga wa umeme dhidi ya muda. Kabla jicho halijafunga, utaona mstari ulionyooka. Mteremko wake uwe karibu na 0.35, yaani 1 gawanya kwa mara mbili ya kipeuo cha pili cha 2, ambayo ndiyo namba ya nadharia. Ukipata 0.7, umechora nishati badala ya uga. Nishati ya jumla ikipanda mfululizo, kagua kwanza ishara ya chaji, kisha namna unavyogawa chaji ya chembe kwenye pointi mbili za jirani; sehemu hizo mbili ndizo ningeanza nazo.