Maswali ya Wasomaji: Ndege Inapotekwa Nyara, na Namna ya Kuzuia Isitekwe

Tumepokea barua nyingi kuhusu usalama wa ndege, na toleo hili tunazijibu nne.

Ndugu Mhariri, mimi husafiri kwa ndege kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Kila mara ninavuliwa mkanda na viatu, begi linapekuliwa, na safari iliyopita mke wangu alinyang'anywa mkasi wake wa kushonea. Ninaelewa hofu hiyo kwa ndege ziendazo Ulaya au Marekani, lakini ni nani atakayeteka ndege ya Mwanza? (Mwalimu mstaafu, Mwanza)

Shikamoo Mwalimu. Ndege ya Mwanza imewahi kutekwa. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737, iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Rais Nyerere ajiuzulu. Waliipeleka Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na hatimaye Stansted, nje kidogo ya jiji la London, ambako walijisalimisha baada ya mazungumzo ambayo Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni, alishiriki. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi, na baadhi ya silaha zao ziligundulika baadaye kuwa za bandia. Lakini abiria aliyeketi kwenye kiti hana namna ya kulipima bomu analooneshwa, na rubani hana ruhusa ya kubahatisha. Kitu cha bandia kikishaingia ndani ya ndege, kinafanya kazi ile ile ya kitu halisi.

Ndiyo maana wataalamu wa usalama huweka nguvu zao nyingi ardhini, kabla mlango wa ndege haujafungwa. Pale kwenye ukaguzi kuna mashine ya eksirei, kuna askari, kuna nafasi ya kumweka mtu kando na kumhoji bila haraka. Angani hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Marekani ilianza kukagua abiria wote na mizigo yao ya mkononi mnamo Januari 1973, baada ya miaka kadhaa ambayo ndege zake zilitekwa mara kwa mara, nyingi zikilazimishwa kwenda Cuba. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, na kiambatisho hicho hadi leo ndicho msingi wa kanuni za usalama katika viwanja vya nchi wanachama.

Kuhusu mkasi wa mama, tunampa pole. Hata hivyo, wale watu 19 walioteka ndege nne nchini Marekani tarehe 11 Septemba 2001 hawakuhitaji bunduki. Wakati huo visu vyenye makali yasiyofikia sentimita 10 viliruhusiwa kupita kwenye ukaguzi wa nchi hiyo. Inafaa pia kujua kwamba kanuni za ICAO zinataka wafanyakazi nao wakaguliwe kabla ya kuingia maeneo yenye ulinzi, wakiwemo wasafishaji, wapakiaji mizigo na wanaoleta chakula. Kwa maoni yetu, uwanja unaomvua abiria viatu huku ukimpitisha mfanyakazi kwa salamu tu haujalinda kitu, na wasimamizi wa viwanja vyetu wana wajibu wa kuliangalia jambo hilo bila kuoneana haya.

Mhariri, iwapo mtekaji amesimama nyuma ya rubani, rubani anawezaje kuwaarifu walioko chini? Na kwa nini asikatae tu kufungua mlango? (Mfanyakazi wa bandari, Mombasa)

Kila ndege ya abiria ina chombo kinachojibu mawimbi ya rada za waongoza ndege kwa kutuma namba ya tarakimu nne. Rubani akiiweka namba 7500, mwongoza ndege aliye chini anaelewa kwamba ndege imetekwa, hata kama hakuna neno lililosemwa redioni. Kuanzia hapo vyombo vya dola vinaarifiwa, ndege nyingine zinaondolewa njiani, na kiwanja kinachoweza kutumika kinatayarishwa.

Swali la mlango lina historia ndefu zaidi. Kwa miongo mingi marubani walifundishwa kumtii mtekaji: kuzungumza naye kwa upole, kumpeleka anakotaka, na kuacha mazungumzo yafanyike ndege ikiwa ardhini. Mafunzo hayo yalijengwa juu ya imani kwamba mtekaji naye anataka kuishi. Mkasa uliotokea katika bahari yetu ulionesha mapema udhaifu wa imani hiyo. Tarehe 23 Novemba 1996, vijana watatu waliiteka ndege ya Ethiopian Airlines namba 961 iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Waliingia katika chumba cha marubani, wakachukua shoka la dharura lililokuwamo humo, wakaonesha chupa iliyofunikwa na kudai kuwa ni bomu, kisha wakaamuru wapelekwe Australia. Rubani Leul Abate, ambaye alikwisha kutekwa mara mbili kabla ya siku hiyo, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi kuvuka Bahari ya Hindi. Hawakumsadiki, kwa sababu walikuwa wamesoma katika jarida la ndani ya ndege kwamba Boeing 767 ina uwezo wa kufika mbali kiasi hicho. Lakini uwezo wa ndege hupimwa matangi yakiwa yamejaa, na matangi ya ndege ile yalikuwa na mafuta ya kuifikisha Nairobi pamoja na akiba tu. Rubani aliifuata pwani ya Afrika kwa muda, akageukia Komoro, na injini zikazimika moja baada ya nyingine. Ndege ilianguka majini karibu na ufuo wa Mitsamiouli, Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, miongoni mwao mpigapicha Mohamed Amin wa Kenya, ambaye picha zake ziliijulisha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984.

Baada ya 2001 ndipo mafunzo yalipobadilika kutoka mizizi. Tangu tarehe 1 Novemba 2003, ICAO inataka ndege za abiria zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 45,500 au viti zaidi ya 60 ziwe na mlango wa chumba cha marubani usiopenya risasi za silaha ndogo wala kuvunjwa kwa nguvu. Rubani humtazama anayebisha kabla ya kumruhusu, na hata mtu akiingiza namba ya siri kutoka nje, aliye ndani anao uwezo wa kumkatalia. Kwa hiyo leo jibu la swali lako ni kwamba anakataa, hata kama vitisho vinasikika nyuma ya mlango, kisha anaitua ndege kwenye kiwanja cha karibu.

Kinga hiyo imekuja na hatari yake. Mwezi Februari 2014, rubani msaidizi wa ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikienda Roma alimfungia nje mwenzake aliyekwenda msalani, akaipeleka ndege Geneva na kuomba hifadhi, hakuna aliyeumia. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alifanya vivyo hivyo, akaiangusha ndege kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, na watu wote 150 wakafa. Mlango haumtambui adui aliyekwisha kuwa ndani, na ndiyo maana uchunguzi wa afya ya akili ya marubani sasa unahesabiwa kuwa sehemu ya usalama. Zingatia pia kwamba ndege ndogo, kama zile za abiria 12 hivi ziendazo Unguja na Pemba, hazibanwi na kanuni ya mlango, na abiria huketi hatua moja nyuma ya rubani. Kwa ndege hizo, ukaguzi wa ardhini ndio kinga kuu.

Mtekaji akitua nchi nyingine, anashtakiwa wapi? (Mwanafunzi wa sheria, Kampala)

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970 unaitaka nchi ambamo mtekaji amepatikana ama imkabidhi kwa nchi nyingine inayomdai, ama imfikishe yenyewe mbele ya vyombo vyake vya mashtaka. Watekaji wa ndege ya Mwanza tuliyoitaja walihukumiwa na kufungwa Uingereza.

Mimi ni abiria wa kawaida, nafanya kazi Muscat na huja nyumbani kila mwaka. Je, kuna chochote ninachoweza kufanya? (Msomaji, Muscat)

Kipo, nacho huanza na maelezo yale ambayo abiria wengi huyapa mgongo wakiwa na simu mkononi. Katika mkasa wa Komoro, abiria kadhaa walinusurika mshindo wa kuanguka lakini wakafa kwa sababu walikuwa wamejaza hewa jaketi zao za kuokolea maisha wakiwa bado wameketi. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani, na kamba yake huvutwa mtu anapotoka mlangoni. Hesabu pia safu za viti kati yako na mlango wa dharura ulio karibu, wa mbele na wa nyuma, kwa kuwa ndani ya moshi au maji utautafuta kwa kupapasa.

Iwapo ndege itatekwa, tulia kwenye kiti, usimkazie macho mtekaji, usibishane naye, na usiinuke bila ruhusa. Wahudumu wamefunzwa kwa hali hiyo, na wakihitaji msaada wa abiria kumdhibiti mtu watauomba wenyewe. Askari wakivamia ndege, inama chini, weka mikono mahali inapoonekana na usikimbie, kwa kuwa katika dakika hizo hawawezi kumtofautisha abiria na mtekaji.