Mpiga picha wa familia na hesabu za mwaka 2027: maswali yenu

Nilipowaomba mniandikie kuhusu malengo ya mwaka ujao, nilitegemea maswali ya kamera. Yamekuja ya hela, na nimefurahi. Kwa wageni: napiga picha za familia Dar es Salaam tangu enzi za mkanda wa picha 36 uliopelekwa kusafishwa mjini na kusubiriwa siku tatu. Watoto wachanga, ubatizo, Idi, bibi na wajukuu wake. Harusi niliziacha zamani, magoti hayataki tena.

*Shikamoo mama. Kila Januari naandika "mwaka huu nipate wateja wengi", ikifika Desemba sijui hata kama nimefika. Nianzie wapi? (Mpiga picha, Morogoro)*

Marahaba mwanangu. Anzia jikoni kwako, siyo kwenye kamera. Nyumbani mnakula na kulipa kodi ya nyumba kwa shilingi ngapi? Tuseme 900,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 10,800,000. Weka na gharama zinazokuja hata usipopiga picha moja: bando, umeme, pango la studio, akiba ya vifaa. Tuseme 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000. Jumla 14,400,000.

Sasa angalia kazi moja. Ukitoza 150,000, na nauli, msaidizi na kuchapa vikachukua 30,000, kinachobaki ni 120,000. Gawanya: unahitaji kazi 120 kwa mwaka. Ukitoa wiki za mvua, za kuugua na zile ambazo simu hailii kabisa, wiki za kweli za kazi ni kama 40. Kwa hiyo ni kazi tatu kila wiki. Familia hupatikana Jumamosi na Jumapili, na mwanga wa nje unaopendeza ni wa kuanzia saa 10 jioni hadi jua linapozama. Kazi tatu zinaingia hapo, kwa kubanana kidogo.

Halafu jirani yako wa studio anashusha bei hadi 100,000, nawe unamfuata. Gharama ya kazi haishuki, bado ni 30,000. Unabakiwa na 70,000, na kazi unazohitaji zinapanda hadi 206, zaidi ya tano kila wiki. Umepunguza theluthi ya bei, umejiongezea kazi karibu robo tatu. Na kila moja ina saa zake za kuhariri usiku, ambazo hakuna anayekulipa. Usiandike "wateja wengi" tena. Andika 120, na kila Jumapili usiku uhesabu umebakiza ngapi.

*Mimi niko Tanga. Februari na Machi mwaka huu nilikaa bure kabisa. Nimekosea wapi? (Kaka wa Ngamiani)*

Hujakosea, kaka, ni kalenda. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hizo hizo. Wateja wako wote, wa msikitini na wa kanisani, walifunga pamoja. Na kabla ya hapo Januari ilikuwa imeshamaliza hela zao kwa ada na sare za shule.

Mwaka 2027 itakuwa vilevile. Majivu ni 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na siku hiyo, mwezi ukiandama. Idi itakuwa kama tarehe 10 Machi na Pasaka ni 28 Machi, masika yakiwa yanagonga mlango. Kwa hiyo usigawanye zile 120 sawasawa kwa miezi 12 kisha ukaanza kujilaumu Februari. Jiwekee kazi nne tano za mwezi huo na usione haya.

Ila usilale. Idi ni mavuno kwa aliye Tanga, Zanzibar au Mombasa: baba na wana wamevaa kanzu mpya, mabinti wana hina mikononi, familia nzima imeoga na imependeza kabla ya saa 4 asubuhi. Siku gani nyingine utawapata hivyo bila kuwabembeleza? Pokea oda za Idi wiki ya kwanza ya Ramadhani, kila mmoja akitoa kianzio (sehemu ya malipo mapema), dakika 20 kila familia, nyumbani kwao. Ubatizo mwingi nao husubiri Pasaka, kwa hiyo wakatoliki wapigie katikati ya Kwaresima, si wiki ya mwisho.

Na kwa wenzetu wa Moshi: Desemba ni yenu. Dar inahamia huko, babu anakuwa na wajukuu wote uani kwa wiki mbili tu. Anayeanza kutafuta kazi hizo tarehe 20 Desemba amechelewa. Wakuu wa familia hizo hupigiwa simu Oktoba.

*Lengo langu namba moja ni kununua kamera mpya. Hii niliyonayo ina miaka saba. Unasemaje? (Dada, Mwanza)*

Nasema nunua ya pili iliyotumika kabla ya kununua ya kwanza mpya. Niliwahi kwenda kwenye ubatizo wa mapacha na kamera moja. Padri amemwagia maji mtoto wa kwanza, kamera ikakataa kuwaka. Mtoto wa pili nilimpiga kwa simu ya shangazi yake. Nilirudisha hela yote, na ile familia sijaiona tena hadi leo.

Kwa picha za familia, kamera ya miaka saba yenye lenzi safi ya milimita 50 inatosha sana. Mteja hajui megapikseli. Anajua mama yake ametoka vizuri au vibaya. Kama una akiba, mpangilio wangu ni huu: kamera ya pili bila lenzi, betri za ziada, memori kadi mpya (usizihurumie za zamani), diski mbili za kuhifadhia, ndipo ufikirie kamera mpya. Nyinyi mnaokaa karibu na maji, ziwani au baharini, nunueni na boksi lisilopitisha hewa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kuvu akishaingia kwenye lenzi, fundi atakula hela nyingi kuliko bei ya boksi.

*Nataka kufika wafuasi 10,000 Instagram mwaka ujao. Ni lengo zuri? (Kijana wa Kinondoni)*

Zuri la kumsimulia rafiki. Mwenye nyumba hapokei wafuasi.

Nitakwambia namba ninayoihesabu mimi: familia ngapi za mwaka jana zimerudi mwaka huu. Hiyo tu. Mpiga picha wa harusi akimaliza harusi amemaliza, haombi warudi. Sisi kazi yetu inakua pamoja na mtoto. Kuna mama mmoja wa Mbagala alinijia na mtoto wa siku 40. Nilimkalisha juu ya stuli ya bibi yake, ile ya miguu mitatu. Mwaka uliofuata nikamtumia ile picha asubuhi ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, bila kuuza chochote. Jioni akaniuliza Jumamosi nina nafasi. Sasa ni mwaka wa nane, stuli ile ile, na binti miguu inagusa chini. Kupitia yeye nimewapata dada zake wawili, jirani, na mwalimu wa chekechea. Sijalipia tangazo hata moja kwa wale.

Kwa hiyo lengo lako liwe hivi: kama mwaka huu umepiga familia 60, mwakani 30 kati yao zirudi. Andika tarehe za kuzaliwa za watoto kwenye daftari siku unapopiga picha. Tuma picha ya zamani, siyo bei mpya. Ukipata hao 30, umeshapata robo ya zile kazi 120 kabla hujatafuta mtu mgeni.

Jambo moja usilipuuze. Picha ya mtoto wa mtu haiendi mtandaoni mpaka mzazi akubali, kwa maandishi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, kumpandisha mtoto wa watu bila kuuliza ni utovu wa adabu.

*Nikipandisha bei, wateja wa zamani si watakimbia? (Bila jina)*

Baadhi, ndiyo. Waambie Novemba kwamba bei mpya inaanza Februari, na atakayelipa kianzio kabla ya hapo anapata ya zamani. Utapata na hela ya Januari, nao ni mwezi mkavu. Atakayekutukana kwa ongezeko la 20,000 alikuwa anakwenda zake hata hivyo.

*Kodi naiwekaje kwenye malengo? (Mpiga picha, Dodoma)*

Iweke kama gharama, juu ya zile 3,600,000, siyo kama mkosi. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya eneo lako mapema Januari ukiwa na kumbukumbu za mauzo yako, hata kama ni daftari na risiti za simu. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, ya kwanza Machi, mara tu baada ya Februari ambayo tumeshasema haina kitu. Tenga Desemba, hela ingali mkononi.

*Mke wangu anasema Jumapili zetu zote nimeziuza. Malengo ya biashara yanahusika na hilo? (Baba wa watatu, Mbeya)*

Yanahusika sana, baba. Wiki 40 nilizotaja zina Jumapili 40, na mgeni aliyekuja na kianzio hajui kama mwanao ana komunyo ya kwanza siku hiyo. Kabla hujafungua daftari la nafasi za 2027, kaa na mke wako mtenge Jumapili moja kila mwezi kwa kalamu nyekundu. Mteja akiuliza, nafasi imejaa. Huna haja ya kueleza imejazwa na nani.

Na picha yenu mnayo? Mimi niligundua msibani kwamba picha za mama yangu zote nilizipiga mimi, na hakuna hata moja ambayo mimi na yeye tumo pamoja. Mpe mpiga picha mwenzako kamera, kaeni wote watano, mlipe kama mteja mwingine.

Maswali ya albamu na ya kuchapa nimeyaweka pembeni, yatajibiwa toleo lijalo.