Kanisa jipya kwa mtindo wa zamani: anzeni altareni, mnara uje mwisho

Parokia ikiamua kujenga kanisa la mtindo wa zamani, mchoro wa kwanza kuletwa mbele ya kamati huwa ni wa sura ya mbele: mnara, madirisha yenye ncha, msalaba juu. Kanisa likijengwa hivyo, ukiingia ndani unakuta ukumbi wa mikutano. Uzuri wa makanisa ya kale umo kwenye vipimo. Kabla ya kumlipa mchoraji, nendeni na futi kamba kwenye kanisa mnalolipenda, kwa mfano Mt. Yosefu la Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1897 hadi 1902. Pimeni upana kati ya nguzo, kisha kimo.

Kibali cha askofu kiwe cha maandishi (kanuni ya 1215 ya Sheria za Kanisa), na kipatikane kabla ya kuchimba msingi.

Tuchukue waamini 600. Kila mmoja anahitaji sentimita 50 za benchi, na safu hadi safu sentimita 90, la sivyo hakuna atakayepiga magoti vizuri. Katikati wekeni mabenchi mawili ya mita 4, na kila ubavu, nje ya nguzo, benchi la mita 2. Hapo kila safu ina watu 24; safu 25 zinatosha, nazo zinachukua mita 22.5. Gaweni urefu huo vipande vitano vya mita 4.5, nguzo kwa nguzo. Fedha zikikatika, mnaweza kusimama kwenye kipande cha tatu, mkafunga kwa ukuta wa muda na kusali humo.

Njia ya katikati iwe mita 2.4. Vitabu vya Ulaya vitawapa pungufu, lakini matoleo yetu huja kwa kucheza, watu wawili wawili wakiwa na vikapu, huku foleni ya sadaka ikirudi upande wa pili.

Sehemu ya kati sasa ina upana wa karibu mita 11. Kuta zake zisipungue kimo hicho. Hapa ndipo kamati hupunguza gharama, na hapa ndipo kanisa huharibika: ukuta wa mita 5 juu ya upana wa mita 11 hautafanana na kanisa la kale hata mkiweka matao mia. Ikiwa fedha ni kidogo, punguzeni upana. Mbavu zibaki na kimo cha mita 5 au 6, na juu yake madirisha madogo ya kutolea joto.

Matao ya matofali ya kuchoma husukuma nguzo kwa nje. Tao la mwisho lisipoegemea ukuta mnene, ufa hutokea pale. Mwambieni injinia akadirie msukumo huo. Ringi bimu, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, peke yake isiaminiwe kwa mazoea.

Altare ikielekea mashariki, kuta ndefu hutazama kaskazini na kusini, na jua haliwachomi waamini. Ila msiweke dirisha kubwa nyuma ya altare: kwenye misa ya saa moja asubuhi watu hawatamwona padre kwa mng'ao. Madirisha yakae pembeni. Altare iwe ya jiwe, iachane na ukuta ili padre aizunguke, na nyuma yake ibaki mita 2. Kwa safu 25, ngazi za kupandia altareni ziwe 5, kila moja sentimita 15. Tatu hazitoshi kwa walio nyuma.

Roshani ya kwaya juu ya mlango ni ya asili kabisa, ila muulizeni kwanza mwalimu wa kwaya. Kwaya ya watu 50 yenye kinanda na ngoma ikikaa mbali na altare hupishana na padre katika kuitikia. Wengi watahitaji nafasi mbele, ubavuni, na ni heri itengwe kwenye mchoro kuliko kung'oa mabenchi baadaye.

Chini ya mabati pigeni dari ya mbao. Mvua ikinyesha bila dari, mahubiri yamekwisha. Marumaru hadi ukutani huleta mwangwi. Acheni matofali wazi sehemu ya juu.

Mwambieni fundi mapema aache mahali pa misalaba 12, au 4, itakayopakwa krisma, mafuta matakatifu, siku ya kutabaruku kanisa. Mnara wekewe msingi wake sasa, wenyewe ujengwe kengele ikipatikana.