Wadogo zangu wauguzi, chukueni ukatibu wa tawi

Uchaguzi wa tawi la chama chetu cha wauguzi, TANNA, ukifika, uenyekiti haukosi wagombea. Ikija zamu ya katibu, ukumbi mzima unainamia simu. Nawaomba mnaoanza kazi hapa Mtwara muinue mkono hapo hapo.

Wodini unajifunza kuuguza. Kuandika barua rasmi, kupanga bajeti na kuendesha kikao kikaisha kwa wakati hufundishwi na mtu, na siku ukipewa uinchaji, yaani kusimamia wodi, unatakiwa uwe unayajua. Mimi niliyajulia kwenye chama. Chukua Siku ya Wauguzi Duniani peke yake, 12 Mei, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Watu wanaona mishumaa na kiapo. Katibu anaona barua ya mgeni rasmi, turubai na viti vya kukodi, wenzetu wa Newala na Nanyumbu wanaohitaji nauli na pa kulala, na ratiba ya zamu ili wagonjwa wasibaki wenyewe wakati sisi tunaandamana. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, alikuwa hapitishi bajeti yenye neno "mengineyo". Alitaka kila shilingi ijulikane inakwenda wapi: maji katoni ngapi, mafuta ya gari lita ngapi. Hadi leo maombi ya vifaa vya wodi nayaandika hivyo, na ni nadra kurudishiwa.

Halafu kuna watu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hudai majina ya wadhamini watatu, na wengi wetu tunaandika mkufunzi wa chuo ambaye pengine hatukumbuki hata sura. Muuguzi mkuu wa wilaya aliyepokea mihtasari yako ya vikao mwaka mzima, iliyonyooka na iliyofika kwa wakati, akipigiwa simu ana la kusema. Kwa aliyepangiwa zahanati ya ndani kabisa huko Tandahimba, anayezalisha na kuchanja karibu peke yake, naona hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kufahamika nje ya kijiji chake. Cheo hutoka kwa mwajiri, chama hakikupi. Ila kwenye usaili utakuwa na kazi uliyoifanya ya kueleza.

Kwa hiyo kwenye wasifu usiandike "mwanachama wa TANNA" ukaishia hapo. Andika uliratibu nini, kwa wilaya zipi, na ulisimamia fedha kiasi gani.

Mambo mawili yaangalieni sana. Kazi ya chama isile muda wa mgonjwa. Mwenzako akikushikia zamu, ilipe wiki hiyo hiyo. Na pesa ya wanachama isilale kwenye simu yako hata usiku mmoja. Watakutumia kwa sababu namba yako ndiyo wanayoijua. Irudishe, uwape akaunti ya tawi, na uwaandikie risiti hata kama wananuna.