Ukitoka Kupasuliwa Moyo, Usilale Tu

Siku moja baada ya kupasuliwa moyo, nesi na mtaalamu wa tiba ya viungo walikuja wakaniambia niamke nikae kitini. Nilidhani wamekosea mgonjwa. Mirija ilikuwa bado imening'inia kifuani na kukohoa tu kulinitoa machozi. Lakini walinikalisha, na kesho yake nikatembea hadi mlangoni nikishikwa mkono.

Nilibadilishiwa vali, yaani mlango mdogo ndani ya moyo unaozuia damu isirudi nyuma. Ile ya kuzaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi niliyougua utotoni, ile inayoanza na koo linalouma halafu watu wanalipuuza. Naandika kwa ajili yako uliyetoka hospitalini juzi, na zaidi kwa ajili ya anayekuuguza.

Niliporudi nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi, mama na shangazi walikuwa wameshanitandikia. "Lala mwanangu, kidonda hakijapona." Kila nikiinuka, kuna anayenirudisha kitandani. Ni upendo, naujua. Ila mtu akilala mchana kutwa, makohozi hutuama mapafuni akapata nimonia, damu huweza kuganda miguuni, na misuli hunyong'onyea haraka mno. Ilibidi mama aandamane nami kliniki akaambiwe na daktari mwenyewe ndipo akaniachilia.

Mazoezi yangu ya kwanza yalikuwa ya pumzi. Nilipewa kifaa cha plastiki chenye vipira vitatu: unavuta hewa polepole kwa mrija, vipira vinapanda. Mwanzoni kimoja kilitikisika tu kikarudi chini. Nilivuta mara kumi kila saa nikiwa macho. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto kifuani kwa nguvu kisha kohoa. Usijizuie, makohozi lazima yatoke.

Kisha kutembea. Nilianza na dakika 5 kwenye veranda ya ploti, mara tatu au nne kwa siku, nikiongeza dakika moja moja kila mwili ulipokubali. Ilikuwa Julai na baridi ya Nairobi unaijua, kwa hiyo nilingoja saa nne jua litoke. Kipimo nilichopewa ni rahisi: ukitembea uweze kuzungumza bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, punguza mwendo. Naishi ghorofa ya tatu. Ngazi nilipanda taratibu, nikipumzika kila ghorofa, bila kujivuta kwa kushika reli.

Mikono ndiyo yenye hatari. Mfupa wa kidari hukatwa katikati na kufungwa kwa nyaya za chuma, na huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana. Mimi nilikatazwa kubeba chochote kinachozidi kilo 4. Jerikeni ya lita 20 ina kilo 20! Kufua kwa mikono, hapana. Kusonga ugali wa familia, hapana, maana ule mwiko unasukumwa kwa kifua. Kwenye matatu, mwambie kondakta mapema asikuvute mkono kukupandisha.

Wiki ya tatu maji yalirudi baada ya kukatika siku nne, na watu wote walikuwa kazini. Nikainua jerikeni iliyojaa nusu. Nilisikia kitu kikilia "ka" katikati ya kifua. Sikulala usiku ule. Nilipochunguzwa, mfupa haukuwa umeachana, lakini niliambiwa wazi: kidari kikicheza au kikilia, au kidonda kikiwa chekundu au kutoa usaha, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kama una vali ya chuma kama mimi, utatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote. Mama alisikia kwa jirani kwamba sukuma wiki ni sumu kwangu, akaiondoa kabisa. Si hivyo. Sukuma ina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na usikose kwenda kupimwa damu. Dawa za maumivu za dukani na za miti shamba, uliza kwanza.

Jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo moja au zaidi kwa siku moja au mbili, au miguu ikivimba, piga simu kliniki. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au moyo ukienda mbio ovyo unapotembea, acha, keti, omba msaada.

Na kuna kilio. Wiki ya pili nililia bila sababu niliyoweza kuitaja. Huwapata wengi. Mwambie mtu, na kama hakikomi, mwambie daktari.

Mama sasa ndiye hunisubiri mlangoni saa nne ameshavaa viatu. Tunahesabu nguzo za stima, na kwenye kila nguzo ananiuliza swali asikie kama nitajibu bila kuhema. Wiki ya sita tulifika ya kumi na nne, bado ananiuliza bei ya nyanya.